Sura ya Tano: Kabla Tangazo Halijatoka

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana aitwaye Majaliwa Jackson, alisimulia baadaye jinsi alivyoupiga mlango wa nyuma kwa kasia. Watu 24 walitoka hai. 19 walipoteza maisha. Muda mfupi baada ya ajali hiyo Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Vijana wengi huitaja habari hiyo kama habari ya bahati: mtu amepata ajira ya serikali bila kuandika barua. Mimi naisoma vingine. Kati ya idara zote za serikali alipelekwa zimamoto, kwa kuwa alichokifanya ziwani ndiyo kazi yenyewe ya jeshi lile. Alilijua ziwa, alijua kukaa kwenye chombo kinachoyumba, na wengine walipokuwa wakipiga kelele ufukweni yeye alikuwa tayari majini. Ujuzi huo hakuupata siku ile. Wewe unayesoma sura hii pengine hutaitwa na Rais. Utaingia kwa mlango wa kawaida, ule wa tangazo, maombi na usaili. Lakini jambo ni lile lile. Tangazo likitoka, muda wa kujiandaa umekwisha, na kinachobaki ni kuonyesha ulichonacho.

Kwanza lijue jeshi lenyewe. Mitaani bado tunawaita watu wa faya, na wakazi wa Dar es Salaam wanakijua kituo cha Faya kwenye Barabara ya Morogoro. Zamani kazi hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri: mji ulikuwa na kikosi chake, na mzima moto aliajiriwa na manispaa kama alivyoajiriwa karani wa soko. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ndiyo iliyofungua njia ya kuvikusanya vikosi hivyo kuwa jeshi moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wizara ile ile yenye Polisi, Magereza na Uhamiaji. Kwa mwombaji, mabadiliko hayo si ya makaratasi tu. Huombi kazi Mwanza au Mbeya. Unaomba kuingia jeshini, penye vyeo, kwata, amri na uhamisho. Utakapoambiwa uende mkoa ambao hujawahi kuukanyaga, utakwenda, na usaili utakuuliza jambo hilo waziwazi. Kijana ambaye moyoni amekwisha kuamua kwamba hatoki Dar es Salaam, asijisumbue.

Zanzibar wana kikosi chao, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kilicho chini ya Serikali ya Mapinduzi, na maombi yake hupita huko huko visiwani. Kenya mambo yamekaa tofauti kabisa: Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya kuzima moto, kwa hiyo kijana wa Mombasa au Nakuru husubiri tangazo la kaunti yake. Mengi nitakayoyasema hapa kuhusu mwili na ujuzi yatamfaa hata yeye. Kuhusu karatasi, nazungumzia Tanzania Bara.

Masharti yenyewe hubadilika kidogo kati ya tangazo na tangazo, ndiyo maana nakusihi usitegemee picha ya tangazo la mwaka juzi inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Uti wa mgongo wake, hata hivyo, haubadiliki sana. Uwe raia wa Tanzania. Uwe umetimiza miaka 18. Kwa wenye elimu ya sekondari ukomo wa umri umekuwa ukizungukia miaka 25, na wenye stashahada, shahada au fani maalumu huongezewa kidogo. Uwe na cheti cha kidato cha nne au cha sita, afya njema, urefu wa kutosha, na usiwe na rekodi ya uhalifu. Usiwe na michoro mwilini. Mara nyingi hutakiwa pia mtu ambaye hajaoa au hajaolewa. Hilo la mwisho huwaudhi wengi, na naielewa hasira yao, maana kijana wa miaka 24 mwenye mke na mtoto ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mshahara. Lakini mafunzo ya awali ni ya kambini na ya miezi kadhaa, na jeshi linataka mtu atakayekaa kambini akili yake ikiwa pale. Ni sharti la kulijua mapema, kabla hujapanga harusi.

Anayepitia Jeshi la Kujenga Taifa ana nafasi nzuri zaidi. Majeshi yetu yamezoea kuchukua sehemu ya askari wao wapya kutoka makambi ya JKT, kwa kuwa kijana wa JKT ameshaonja kuamka alfajiri na kutii amri asiyoipenda. Ukiwa umemaliza shule na huna cha kufanya kwa sasa, fikiria njia hiyo kwa uzito.

Sasa tuje kwenye karatasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vijana wengi wenye nguvu na nia huishia hapa. Adui wa kwanza ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha Baraza la Mitihani kinasema Mohammed, kitambulisho cha NIDA kimeandika Muhamed na kuongeza jina la babu. Nyumbani wote wanajua kuwa ni mtu mmoja. Mfumo wa kompyuta haujui, na mkaguzi wa vyeti hana sababu ya kukuamini. Kurekebisha jina NIDA au kuandaa hati ya kisheria inayoyaunganisha majina hayo huchukua wiki, pengine miezi, wakati dirisha la maombi likifunguliwa hukaa wazi kwa siku chache tu. Toa vyeti vyako vyote, vipange mezani, usome jina lako herufi kwa herufi, kisha tarehe ya kuzaliwa. Kama kuna tofauti, anza kuishughulikia kesho asubuhi.

Cheti cha kuzaliwa chenyewe kinatolewa na RITA, na wapo vijana waliomaliza kidato cha nne bila kuwa nacho. Wengine wanacho kile cha zamani ambacho hakijahakikiwa kwenye mfumo. RITA wana huduma ya uhakiki kwa njia ya mtandao, itumie. Namba ya NIDA ni lazima uwe nayo hata kama kadi haijatoka. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka za hapa: Baraza la Mitihani kwa sekondari, TCU kwa shahada.

Maombi siku hizi hutumwa kupitia mfumo wa ajira wa Jeshi lenyewe, ajira.zimamoto.go.tz. Bahasha inayopelekwa kwa mkono makao makuu haisaidii kitu. Wengi wetu tunakwenda steshenari kujaziwa, na si vibaya, ila kaa pembeni ya anayekujazia mpaka mwisho. Hakikisha barua pepe na namba ya simu vinavyoingizwa ni vyako, na nywila unaijua wewe. Nimeshuhudia vijana ambao akaunti zao zilifunguliwa kwa barua pepe ya mwenye duka. Ujumbe wa kuitwa kwenye usaili ukaingia mahali ambapo hakuna aliyeufungua. Tangazo likitaka barua iandikwe kwa mkono, iandike kwa mkono. Likitaka nakala zilizothibitishwa na wakili au hakimu, zithibitishe. Askari ni mtu anayefuata maelekezo, na maelekezo ya kwanza ambayo Jeshi linakupa ni yale yaliyomo ndani ya tangazo.

Kisha kuna wezi. Kila dirisha la ajira linapofunguliwa huibuka watu wanaojiita maofisa, wenye namba za simu na picha za sare, wanaodai wana nafasi mbili zimebaki na wanahitaji fedha kidogo ya kuwalainisha wakubwa. Nafasi ya jeshi haiuzwi. Mzazi anayeuza ng'ombe ili kumlipa mtu wa namna hiyo ameibiwa, na pia amemfundisha mwanawe kwamba kazi ya kuokoa watu huingiwa kwa rushwa. Anayekudai fedha, mripoti polisi au TAKUKURU.

Ukipita mchujo wa karatasi utaitwa. Vyeti halisi vitakaguliwa, afya itapimwa, mwili utajaribiwa na utahojiwa ana kwa ana. Watu huufikiria usaili wa mwili kama mashindano ya mbio, wakaanza kukimbia wiki mbili kabla. Afadhali ujiulize mwili unatakiwa kufanya nini kazini. Mavazi kamili ya kuingilia kwenye moto, pamoja na kofia, buti, mtungi wa hewa na barakoa yake, huzidi kilo 20. Ukiwa umevaa hivyo unapanda ngazi, huku umebeba mpira wa maji, ndani ya moshi usiopenyeka kwa macho. Mtungi unaohesabiwa kuwa wa dakika 30 huisha mapema sana kwa mtu anayehema kwa pupa. Mwenye pumzi tulivu hukaa ndani zaidi, na dakika zile chache za ziada ndizo zinazomfikia mtoto aliyejificha chini ya kitanda. Kwa hiyo kimbia, lakini pia panda ngazi na mzigo mgongoni. Beba mfuko wa mchanga. Nyanyua mtu mzima mwenzako mabegani na utembee naye. Jizoeze kuhema polepole ukiwa umechoka. Mazoezi haya hayahitaji ukumbi wa kulipia. Yanahitaji miezi sita au zaidi ya kuamka mapema.

Jipime pia kwa mambo mawili ambayo mbio haziyaonyeshi: urefu na giza. Wapo watu wenye misuli ambao ghorofani miguu hulegea, na wapo ambao chumba kidogo chenye giza huwabana kifua. Si aibu, na kwa wengine hupungua kwa mazoezi. Jambo la msingi ni kujifahamu sasa. Ukiwa na pumu, shinikizo la damu au macho yanayosumbua, mwone daktari kabla Jeshi halijakupima, akushauri kwa ukweli.

Katika mahojiano, wengi husema wanataka kulitumikia taifa. Ni jibu zuri na kila mtu analo. Anayekumbukwa ni yule anayeijua kazi. Anajua kwamba namba ya dharura ya zimamoto ni 114. Anajua kuwa moto unahitaji joto, hewa na kitu cha kuungua, na kwamba mbinu nyingi za kuzima ni njia za kuondoa kimojawapo. Anajua kwa nini mafuta ya kupikia yaliyoshika moto hufunikwa na hayamwagiwi maji, na kwa nini moto wa petroli hushambuliwa kwa povu. Anaweza hata kueleza lawama tunayoisikia kila moto unapotokea, kwamba gari limekuja bila maji. Chukua gari lenye lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi linakauka kwa dakika 10, na iwapo haidranti ya karibu imezibwa na kibanda au imejengewa ukuta, gari lazima liondoke kwenda kutafuta maji huku umati ukizomea. Kijana anayeelewa hesabu hiyo kabla ya kuajiriwa ataivumilia kazi baada ya kuajiriwa, kwa sababu kuzomewa ni sehemu yake.

Jambo ambalo waombaji wengi hawalifikirii kabisa ni neno la pili katika jina la Jeshi. Wanajiandaa kwa moto, na uokoaji wanausahau. Lakini askari hawa huitwa mtoto anapotumbukia kisimani, fundi anapofukiwa kwenye shimo la choo, dereva anapobanwa na usukani wa lori barabara kuu. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, na hapakuwa na moto wa kuzima. Kazi ilikuwa kutoboa zege taratibu pasipo kuliangusha juu ya walio hai chini yake, kuwapitishia hewa, maji na glukosi, kuwasemesha wasikate tamaa. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai. Kazi kama hiyo inahitaji mikono ya mtu anayejua nyundo na msumeno, na sikio la mtu anayeweza kunyamaza.

Wakati mwingine uokoaji ni kuondoa watu kabla ya chochote kutokea. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini kimya kimya mpaka ukutane na cheche. Mtu anayejua hilo, akawa na sauti na ujasiri wa kuwarudisha nyuma majirani zake wenye madumu, anaweza kuokoa wengi kuliko gari zima la povu linalofika baadaye. Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba uwezo wa kuzungumza na umati wenye hasira au tamaa ni ujuzi wa kazi hii sawasawa na kushika mpira wa maji. Aliyekuwa kiranja mkali lakini anayesikilizwa, aliyewahi kusimamia watu msibani au uwanjani, aseme hivyo kwenye usaili.

Basi jipatie kitu mkononi. Matangazo ya Jeshi hutafuta pia watu wa fani: madereva wa magari makubwa, mafundi magari, mafundi umeme, wauguzi, waogeleaji na wazamiaji. Cheti cha VETA cha umeme au ufundi wa magari, leseni ya magari makubwa, mafunzo ya huduma ya kwanza ya Chama cha Msalaba Mwekundu, kila kimoja kinakutenganisha na maelfu wenye cheti cha kidato cha nne peke yake. Na kuogelea. Nchi yetu ina bahari upande mmoja na inapakana na maziwa makuu matatu, Victoria, Tanganyika na Nyasa. MV Bukoba ilizama mwaka 1996, MV Nyerere mwaka 2018, na bado tunalea vijana wasiojua kuelea. Kwa maoni yangu kuogelea kungepaswa kuwa sharti kwa kila mwombaji. Halijawa, lakini wewe usisubiri liwe. Jifunze kwa mtu anayejua, mahali salama, na ujifunze pia kuokoa bila kuingia majini: kumtupia anayezama kamba au dumu tupu lililofungwa, kumfikishia mti mrefu. Anayeruka bila ujuzi huongeza maiti.

Kwa dada zetu nina neno. Jeshi linaajiri wanawake, wamo kwenye magari na wamo kwenye ofisi za ukaguzi. Mwili mdogo hupenya mahali ambapo pande la mtu halipiti, na mama aliyechanganyikiwa kwa hofu mara nyingi humsikiliza mwanamke kwanza. Wakikwambia nyumbani kuwa hiyo ni kazi ya wanaume, waulize siku nyumba ikiungua, aliyemo ndani atachagua mkono wa nani?

Ukichaguliwa utakwenda depo. Jeshi lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Huko utakuwa kuruta: kwata, mazoezi, ngazi, mipira, kamba, huduma ya kwanza, sheria. Utafundishwa pia ukaguzi, na usiudharau. Askari anayeingia kwenye bweni la shule akaona madirisha yamefungwa nondo na mlango ni mmoja, akaamuru parekebishwe, amewaokoa watoto ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini Shauritanga, Kilimanjaro. Mwaka 2009 wengine 12 walikufa Idodi, Iringa. Ukihitimu, wengi huanza na cheo cha Konstebo, wakapangiwa kituo na zamu. Mshahara ni wa askari wa serikali. Hautakutajirisha, ila utafika kila mwezi.

Na ukikosa? Wengi hukosa mara ya kwanza, kwa sababu nafasi ni chache na waombaji ni wengi mno. Angalia umri wako, kama dirisha lingine litakukuta bado unaruhusiwa, na utumie muda wa katikati kuongeza fani moja. Bandari, migodi, maghala ya mafuta na viwanda vikubwa navyo vinahitaji watu wa usalama na dharura. Kazi hizo huingiwa kwa vyeti vile vile vya huduma ya kwanza na uzimaji moto, na hazina masharti ya ndoa wala urefu.

Nenda kwenye kituo cha zimamoto cha wilaya yako kabla mwezi huu haujaisha. Jitambulishe kwa mkuu wa kituo kwa adabu, mwombe muda wake, muulize wanaitwa zaidi kwa matukio gani katika eneo lenu na wanakosa watu wa ujuzi gani. Halafu rudi nyumbani, utoe vyeti vyako mezani, uanze na jina.